Baiti Nane

Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, na hilo ndilo lililomkata Kitsao maini. Ijumaa asubuhi, ghorofani kwenye karakana ya Magongo, aliketi mbele ya mashine kuukuu iliyoletwa kutoka Likoni akasoma yaliyohifadhiwa ndani yake jana yake. Saa saba na dakika kumi mchana, mapigo ya moyo ya mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili yalianza kupanda. Saa saba na dakika kumi na sita yakauvuka mpaka ambao kengele hulia. Yakaendelea kupanda, mia na thelathini, mia na arobaini, mia na hamsini na mbili, kisha yakaanza kuchoka na kushuka. Kila sekunde ilikuwa na namba yake. Haikupotea hata moja. Namba ya mwisho ilikuwa ya saa saba na dakika hamsini na moja, pale muuguzi alipolivuta pazia akamkuta Jalila juu ya shuka lililolowa damu, mikono imeshaanza kupoa.

Mashine iliziweka namba zote hizo. Kengele haikulia.

Jalila alikuwa mke wa Mwidani, fundi wa kuchomelea vyuma wa Mtongwe. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jumatano alijifungua kwa kupasuliwa katika kliniki ya uzazi ya Bi Rania pale Timbwani, Likoni, mtoto wa kiume, mzima. Alhamisi mchana mama akavuja damu kimyakimya nyuma ya pazia, na wodi nzima ilikuwa mikononi mwa muuguzi mmoja, Sista Eddah, aliyekuwa kitanda cha tatu akimshika mwanamke mwenye degedege, kisha akaketi mezani robo saa kuandika mafaili. Eddah alikuwa amesimama zamu mbili mfululizo. Kufikia jioni, maneno yalikuwa yameshazagaa kliniki nzima kwamba sista alisinzia na kengele ikamlilia bure.

Kitsao aliurudisha mshale wa skrini juu, akahesabu tena. Kisha akaenda dirishani akashika vyuma vyake kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa amejua, na alijua kwa hakika ya mtu aliyeitengeneza kazi kwa mkono wake.

Mashine zile zilikuwa za Mahfudh. Mzee huyo wa Kisauni, mtoto wa ukoo wa wenye maduka, aliwaachia nduguze vitambaa akafuata kompyuta. Alizikusanya zile ambazo maofisi yanazitupa, akazifuta, akazitia kiini alichokipunguza na kukinoa mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ambayo mtumiaji haioni, inayoamua nani apewe nini, na lini. Kwa kiini hicho, kompyuta ambayo ofisi ya mjini iliiona takataka iliweza kuwalinda wagonjwa kumi na wawili kwa pamoja: kila mmoja na waya wake kidoleni, kila sekunde kipimo kimoja, na kengele moja mezani kwa muuguzi. Wodi tisa za watu wasio na kitu, kutoka Mikindani mpaka Likoni, zilikuwa na mashine hizo.

Siku ya kwanza Kitsao alipopanda ngazi za karakana ile, miaka mitatu nyuma, Mahfudh alimkalisha akamweleza siri ya kazi kwa mfano wa duka la babake. Prosesa, alisema, ni muuzaji aliyeketi kaunta. Ubavuni mwake ana rafu ndogo, ndiyo kache. Ghala liko nyuma ya ua, ndiyo kumbukumbu kubwa. Kilichoko rafuni muuzaji hukichukua bila kuinuka. Cha ghalani, sharti ainuke, avuke ua, afungue kufuli, arudi, na mteja huku anangoja. Tena hachukui kitu kimoja kimoja. Kila safari hurudi na sinia moja, na sinia hiyo inachukua baiti sitini na nne, kila baiti nafasi ya herufi moja, haichukui ya sitini na tano.

Kwa hiyo Mahfudh alikifanya kila kipimo cha kila mgonjwa kiwe fungu la baiti sitini na nne kamili. Sinia moja, kipimo kimoja. Mafungu ya dakika kumi za mwisho za vitanda vyote kumi na viwili yalienea rafuni pamoja na vikorokoro vingine vya kiini, na nafasi kidogo ikabaki. Muuzaji hakuwa na haja ya kuinuka. Juu ya fungu hilo, ndani ya programu, mzee aliandika mstari mmoja tu wa maelezo: *Sitini na nne. Asiongeze mtu.*

Kitsao alipouona mstari ule mara ya kwanza alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita: jumla yake ni sitini na nne. Alikuwa mtoto wa Kaloleni mwenye kidato cha nne na simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa simu hiyo alijifundisha mambo mawili bila mwalimu: kuandika programu, na kutunga. Mizani alijifunza kwa kusikiliza redio na kuhesabu vidole. Katika kundi la washairi la simuni alijulikana kwa lakabu yake, Mngurumo, na aliogopwa. Alikuwa haachi mtu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mtwapa alizidisha mizani moja katika ubeti wa nne, moja tu, na Kitsao akamwandikia beti saba za kumuumbua mpaka mzee wa watu akajitoa kundini.

Basi mtu kama huyo ilikuwaje akaongeza?

Ilianza Machi, siku walipokwenda Timbwani kuifunga mashine. Bi Rania, mwenye kliniki, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliitazama ikifanya kazi akafurahi, akauliza ni ya nani. Mahfudh alijibu kwamba ni kazi yake, na huyu mwanangu, akasema, hunisaidia kubeba waya. Nusu ya zile hesabu za kengele Kitsao ndiye aliyeziandika, kwa miezi minane, macho yakimwasha. Alifungua kinywa kusema neno, na Bi Rania akamwahi. Akamsifu kwamba, kwa Mgiriama, Kiswahili chake kizuri sana, akamuuliza amekisomea wapi. Mahfudh akacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote. Kitsao naye akacheka. Kicheko kile kilimkaa kooni njia nzima ya kurudi.

Wiki ile ile alifungua programu akaenda mwisho wa fungu, chini ya mstari wa mzee, akaongeza kijisehemu cha baiti nane. Herufi nane: MNGURUMO.

Sababu alikuwa nayo tayari, kama angeulizwa. Ni alama ya ukaguzi; herufi zikikutwa zimebadilika, basi fungu limeharibika na lisiaminiwe. Mafundi wengi hufanya hivyo, na si uongo. Lakini alama kama hiyo ingeweza kukaa mahali pamoja, mwanzoni mwa orodha, mara moja ikatosha. Yeye alilitaka jina lake liwemo ndani ya kila pigo la moyo la kila mgonjwa, wodi ya Bi Rania, mchana na usiku, na Bi Rania asijue. Ule mstari wa *asiongeze mtu* aliuona ni ubahili wa mzee aliyekulia zama ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali. Alijaribu kwenye kompyuta yake mpya, ambayo rafu yake ni pana kama uwanja. Hakuona tofauti hata chembe. Akaipeleka Timbwani kupitia mtandao, akalala vizuri.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Wodi haikuwahi kuzidi wagonjwa tisa. Ilipofika Alhamisi ile ya Mei, ikajaa.

Sasa, mbele ya mashine, hesabu ilikuwa nyepesi. Vitanda kumi na kimoja kwa baiti sabini na mbili: yanaenea rafuni. Vitanda kumi na viwili kwa baiti sitini na nne: yanaenea. Kumi na viwili kwa sabini na mbili: yanafurika. Na rafu ile ikifurika kidogo haimpotezei muuzaji kidogo. Kila kinachoingia kinakisukuma nje kile kitakachotakiwa sasa hivi, kikirudishwa kile kinasukumwa kingine, na muuzaji hashiki tena kitu chochote bila kuvuka ua. Zaidi ya hapo, kipimo kisichoenea katika sinia moja kinamtaka aende mara mbili.

Kiini kilikuwa kimeipa kazi ya kukagua vitanda nafasi fupi kuliko kupepesa jicho, kisha zamu ilikatwa ili shughuli nyingine ziendelee. Zamu ikikatwa kabla haijamalizika, haikuendelea pale ilipoachia. Ilianza upya, kitanda cha kwanza. Alhamisi, tangu mgonjwa wa mwisho alipoingizwa wodini saa saba na dakika tisa, zamu zote zilikatwa zikiwa katika kitanda cha kumi na moja. Maelfu kwa maelfu ya zamu, na hata moja haikufika kwa Jalila.

Mahfudh alipanda ngazi saa tano, kanzu yake imeshapigwa pasi kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Kitsao alimwamkia, na shikamoo ikaitikiwa kwa sauti ndogo. Kabla hajaketi, kijana akasema.

"Ami, mimi niliongeza baiti nane."

"Najua. Nimeziona alfajiri. Nimeshaziondoa kwenye programu."

"Ni alama ya ukaguzi."

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi nimezaliwa nyumba ya watunzi. Jina la mtunzi nalijua nikiliona." Mahfudh alivua kofia akaishika magotini. "Babu yangu alikuwa akitia jina lake kaditamati, kama wote. Lakini alilitia ndani ya mizani. Jina lisipoenea, alitafuta jingine."

Damu ilimpanda Kitsao usoni. Angepigwa kofi ingekuwa nafuu. Akatafuta la kurudisha, akalipata, kwa sababu lilikuwepo.

"Na hiyo zamu kuanza kitanda cha kwanza kila ikikatwa? Mimi nilikuuliza mwaka jana. Ukasema haitakatwa kamwe."

Mzee aliigeuza kofia magotini. Chini barabarani trela lilikuwa likipiga honi.

"Hilo langu," akasema. "Na mimi nitaulizwa, wallahi nitaulizwa. Lakini sikiza. Wodi tisa. Tukisema neno hili leo, kesho wanazing'oa zote, na kila wodi ina muuguzi mmoja. Nani atawaangalia wale wanawake?"

"Na huyu muuguzi?"

Mahfudh aliketi mezani. Alichukua karatasi akaandika ripoti ya mistari mitatu: kwamba mashine imekaguliwa, kwamba imekutwa imehifadhi vipimo vyote vya siku hiyo bila upungufu, na kwamba sasa iko katika hali nzuri. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Akaitia katika bahasha, akamtaka Kitsao aipeleke Jumamosi kwa mkono wake.

Aliipeleka. Alipitia Dongo Kundu nyuma ya bodaboda, bahasha kifuani ndani ya shati, na njia nzima alijiambia kwamba mzee ana hoja. Hoja ilikuwepo kweli, na ndiyo iliyomponza. Mlangoni mwa kliniki alikuta mwanamke amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa nguo za nyumbani, mkoba mapajani, kama mtu aliyekataliwa kuingia na hana pa kurudi. Umri wake ulikuwa kama wa dada yake mkubwa Kitsao. Yeye ndiye aliyemtambua Kitsao, kwa fulana yake ya karakana.

"Wewe ndiye fundi wa ile mashine," Sista Eddah alisema. "Kaka, naomba uniambie kitu kimoja tu. Kengele ililia?"

Palikuwa na nafasi pale. Baadaye Kitsao aliikumbuka nafasi ile kama mtu anavyokumbuka ngazi aliyoikosa gizani. Neno moja lingetosha.

"Ripoti imo humu, sista," alisema, akaipiga bahasha kwa vidole. "Mashine ni nzima."

Eddah alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa akiingoja.

"Basi nilisinzia," akasema.

Siku zilizofuata Kitsao hakuweza kutunga. Kundini waliuliza Mngurumo yuko wapi, mmoja akafanya mzaha kwamba huenda ameoa, mwingine akasema ametafuta kina cha "ngo" amekikosa. Alifuta lakabu yake kwenye simu akaandika jina lake la kuzaliwa, kisha akalifuta na hilo. Kila alipofumba macho alimwona yule mwanamke wa kiti cha plastiki akitikisa kichwa. Alikuwa mwepesi wa kumuumbua mtu kwa mizani moja. Hasira zile zote, kiburi kile chote, na alipotakiwa kusema neno moja kwa mtu anayezama, alisema mashine ni nzima.

Jumapili ya pili simu ya Bi Rania ikaja. Jumatatu kungekuwa na kikao: yeye, daktari wake, mume wa marehemu na muuguzi, wamalize jambo. Karakana ilete mtu mmoja wa kuthibitisha ripoti. Mahfudh alisema hawezi, hawezi kumtazama yule mume usoni, akamwambia Kitsao aende, akae, asome mistari mitatu, arudi.

Jumatatu asubuhi Mahfudh alimkuta Kitsao ameinama chini ya meza akizichomoa nyaya za ile mashine kuukuu na kuizungushia blanketi. Mzee alisimama mlangoni. Kitsao hakuinua uso. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yamejipanga ulimini, makali.

"Chukua waya mwingine wa umeme," Mahfudh alisema. "Huo una mchezo, unakatika." Akageuka akashuka ngazi.

Ofisi ya Bi Rania ilikuwa ndogo, imejaa feni na makabrasha, na mlango wake ulifungukia wodini. Daktari alikuwa akitazama saa. Mwidani, mume, aliketi kwenye ncha ya kiti, mikono yake yenye makovu ya cheche imelala magotini kama vyombo vya mtu mwingine. Eddah aliketi karibu na mlango. Kitsao alipoingia na mashine kifuani, Bi Rania alimwambia amejisumbua bure kubeba mzigo, kwani jambo limeshakwisha. Asubuhi hiyo sista ameandika kwa hiari yake kwamba huenda alisinzia, ametia sahihi, anaacha kazi, na kliniki haitampeleka mbali zaidi. Karatasi ilikuwa pale mezani. Kitsao aliiona sahihi: ndogo, imenyooka, ya mtu wa mafaili.

"Naomba dakika ishirini," alisema.

"Kijana, nimekwambia limekwisha."

"Mwache," Mwidani alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Mwache aseme."

Kitsao aliichomeka mashine. Aliwaeleza kwa maneno machache, akitumia duka na rafu na sinia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujali kama amesema vizuri. Vipimo vya Alhamisi ile vimo humu, alisema, vya wagonjwa wote kumi na wawili. Atavipitisha tena, sekunde kwa sekunde, kuanzia saa saba na dakika kumi, kwa programu ile ile iliyokuwepo siku ile. Wasikilize.

Wakasikiliza. Skrini ilihesabu saa ya siku iliyokufa. Saa saba na kumi na mbili. Na kumi na nne. Wodini mtoto alilia akanyamazishwa. Saa saba na dakika kumi na sita ikaja, ikapita. Kumi na saba. Kumi na nane. Daktari aliacha kutazama saa yake, akaisogelea skrini, akasoma mapigo ya kitanda cha kumi na mbili kwa midomo bila sauti. Namba zilikuwa zikipanda. Mashine ilikaa kimya kama jiwe.

Ilipofika saa saba na ishirini, Kitsao aliizima.

"Haikulia," alisema. "Sista hakulala akapitwa na kengele. Kengele haikulia."

Bi Rania aliuliza kwa nini. Naye akasema: kwa sababu ya baiti nane, herufi nane ambazo hazikuwa na kazi pale. Daktari akauliza ni herufi gani. Akazitaja.

"Mngurumo ni nani?" Bi Rania aliuliza.

"Ni mimi."

Kwa miezi miwili alikuwa amelingoja swali lile kutoka kwa mwanamke yule yule, na katika ndoto zake alilijibu kifua mbele. Sasa lilimtoka kama kikohozi. Mwidani alimtazama. Hakukuwa na hasira katika mtazamo ule, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Alikuwa akimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya lugha asiyoijua. Kisha akauliza, polepole, kama amesikia sawasawa: jina. Jina lake mtu huyu ndilo lililojaza nafasi. Kitsao akasema ndiyo. Mwidani akaitazama mikono yake.

Eddah hakuwa amesogea.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ijumaa ile."

"Jumamosi ulipokuja na bahasha ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, sista."

Alitikisa kichwa kama alivyofanya siku ile mlangoni. Sauti yake haikupanda. "Siku tisa nimekaa nyumbani kwenye kiti, nimeweka kalamu mezani kama siku ile, najaribu kukumbuka kama macho yalifumba. Nimejiuliza mpaka juzi nikakumbuka. Nimeona kabisa, kaka. Nimeuona usingizi unaniingia, nimeona kalamu inadondoka. Ndipo nikatia sahihi." Akaurekebisha mkoba mapajani. "Sasa wewe unaniambia jambo hilo halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Na mimi nimeliona. Hilo nitalitoa vipi?"

Bi Rania aliivuta ile karatasi yenye sahihi, akaikunja mara mbili, akasema kwa sauti iliyopungua ukali kwamba itaandikwa upya, kwamba sista anaweza kurudi kazini, kwamba mashine hii na ile iliyowekwa badala yake zitaondolewa leo hii, na karakana itajibu mbele ya wakubwa. Alikuwa akisema na ukuta. Kitsao aliitikia kila neno, kisha akaanza kuzikusanya nyaya.

"Ngoja," Eddah alisema. "Ile nyingine unayo? Ile ya mwanzo, kabla hujaandika jina."

"Ninayo."

"Iwashe."

Daktari alisema hakuna haja. Bi Rania alimshika Eddah bega, akamwita mwanangu, akamwambia asijitese. Eddah hakumwangalia yeyote kati yao. Kitsao alimtazama Mwidani, na Mwidani akakubali kwa kichwa.

Akairudisha programu ya mzee, baiti sitini na nne, *asiongeze mtu*. Akavipitisha vipimo vile vile tangu mwanzo. Saa saba na dakika kumi. Wote walijua sasa kinachokuja na ni dakika ya ngapi, na dakika zile sita zilikuwa ndefu kuliko zile za kwanza. Mwidani aliinama mbele. Eddah aliketi wima, mkoba mapajani, macho hayako kwenye skrini.

Saa saba na dakika kumi na sita kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya kawaida, kali, ya kukatika na kurudi. Ililia na namba kumi na mbili ikawaka nyekundu. Na kabla mtu yeyote mezani hajatikisika, Eddah alikuwa amekwisha simama. Mkoba ulianguka, vitu vikamwagika sakafuni, naye hakuviona. Alikuwa ameshafika mlangoni, ameufungua, mguu mmoja umeshaingia wodini, mkono umeshanyooshwa kuelekea kona ile ya mwisho yenye pazia, ndipo akakumbuka.

Alisimama pale pale, mgongo kwao, mkono bado hewani. Mwidani aliuona mkono ule akajifunika uso.

Bi Rania alisogea kuizima mashine.

"Iache," Eddah alisema bila kugeuka.

Kitsao akarudisha mikono yake mapajani. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano. Kule wodini wanawake waliinua vichwa mmoja mmoja kuangalia ni kitanda gani, na kengele ikaendelea kulia.